Pima kwanza, spea baadae: maswali yenu kuhusu magari ya zamani

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu magari ya miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni, zile GX 100, Korola, Noah, Premio na IST ambazo ndo zinatubeba wengi wetu, na kitu kinachoniuma nikizisoma ni kwamba mtu anaandika akiwa ameshabadili spea tatu nne, hela imeisha, na tatizo liko palepale kwa sababu hamna aliyeshika mita au kufungua macho akaangalia kabla ya kwenda Kariakoo. Nimechagua chache ambazo najua zitasaidia na wengine, na pale ambapo jambo lina kipengele kirefu nimelieleza kwa urefu.

Shikamoo fundi. Nina GX 100 ya mwaka 1997, nikiwa barabara kubwa naenda nayo vizuri tu hata mpaka Morogoro, ila nikiingia foleni ya Ubungo au Mwenge mshale wa joto unapanda mpaka napaki pembeni. Fundi wa kwanza alitoa themostati akasema huku kwetu joto haihitajiki, haikusaidia. Wa pili anasema gasketi ya silinda hedi imekufa anataka ashushe hedi. Naogopa hiyo gharama. Nifanyeje? (Msomaji, Kimara)

Marahaba. Kwanza usimruhusu mtu ashushe hedi leo, kwa sababu maelezo yako mwenyewe yanaelekeza kwingine kabisa. Gari ikienda kasi upepo unaingia wenyewe mbele na kupoza rejeta, ikisimama kwenye foleni hakuna upepo isipokuwa ule wa feni, kwahiyo gari inayopoa barabarani na kuchemka kwenye foleni shida yake mara nyingi sana ni feni au upepo kutopita. Ingekuwa kinyume, yaani inachemka ukikimbiza au ukipanda mlima na kwenye foleni iko poa, hapo ningekwambia tuangalie rejeta iliyoziba ndani au wotapampu au hedi.

Sasa anza hivi, injini ikiwa imepoa na imezimwa. Kama feni yako ni ile inayoendeshwa na mkanda yenye klachi katikati, izungushe kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito kidogo na isimame haraka, ukiisukuma ikazunguka yenyewe mizunguko kadhaa bila kuzuiliwa ujue mafuta ya silikoni yaliyoko ndani ya klachi yameisha, na mara nyingine utaona alama ya ute wenye vumbi pale katikati yalipovujia. Kama feni ni ya umeme, washa injini uwashe eakondishen, kwa magari mengi feni inatakiwa iitike muda huohuo. Isipoitika, chukua waya uipe moto moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikizunguka basi feni ni nzima na shida iko kwenye rilei, fyuzi au swichi ya joto, na hivyo vyote ni vitu vidogo. Alafu chungulia katikati ya kondensa ya eakondishen na rejeta, hapo ndo vumbi, nyasi na manyoya ya kuku yanapojificha, mbele unaona pasafi kumbe nyuma yake pameziba kabisa na hakuna feni duniani itakayosukuma upepo hapo. Osha kwa maji ya kawaida kutokea upande wa injini kuja mbele, usitumie ile presha ya kuoshea magari karibu karibu maana inakunja vile vibati.

Mfuniko wa rejeta wengi wanaudharau, na mimi naomba uupe heshima yake. Umeandikwa namba juu, kwa Toyota nyingi ni 0.9, maana yake unabana presha ya karibu bar 0.9 ndani, na ile presha ndo inafanya maji yasichemke kwenye 100 bali karibu na 118 hivi. Mpira wake ukichoka maji yanachemka mapema na kutoka kwenye chupa ya pembeni, watu wanakimbilia hedi wakati shida ni mfuniko. Na tafadhali usiufungue injini ikiwa ya moto, nimeona nyuso za watu zilizoungua na ni jambo la kusikitisha mno.

Themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, irudishe. Huu mtindo wa kutoa themostati eti kwa sababu tunaishi kwenye joto umeenea mno na ni wa hasara. Themostati haipo kwa ajili ya baridi ya Japani, ipo ili injini ifike joto lake la kazi haraka na ikae hapo, nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo injini inabaki ya baridi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi, na kwenye gari otomatiki gia ya mwisho inaweza kuchelewa kuingia. Kuna kitu kingine hawakwambii, kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka inaziba na njia ya mkato ya maji, sasa ukiitoa ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, kwahiyo unaweza kuongeza joto wakati ulidhani unapunguza. Kuipima ni rahisi, itie kwenye sufuria ya maji jikoni na uangalie kama inafunguka kabla maji hayajachemka.

Na hedi? Dalili zake unaziangalia bila kufungua bolti hata moja. Injini ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, washa, angalia kama kuna mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma. Shika paipu ya juu ya rejeta dakika ya kwanza tu baada ya kuwasha, kama imeshakuwa ngumu wakati maji bado ya baridi basi moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Chomoa kijiti cha oili na uangalie chini ya mfuniko wa kumwagia oili, ukikuta oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa hapo maji yameingia. Usipoona hata kimoja kati ya hivyo, mwambie huyo fundi wa pili asubiri. Jambo la mwisho, acha maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi na chumvi inakula aluminiamu ya hedi na rejeta kimyakimya, tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa kiwandani yale ya betri yasiyo na asidi.

Asalaam aleikum fundi. Mimi ni dereva wa teksi huku Mombasa, navuka Likoni kila siku. Gari ni Korola 110 ya 98, injini ya 5A, siku hizi yala mafuta sana, asubuhi yawaka vizuri lakini ikipata moto yatoa moshi mweusi na taa ya injini imewaka. Mekanika mmoja ataka kubadilisha kontroli boksi (kompyuta ya injini), mwengine ataka nozeli zote nne za kupulizia petroli. Wewe wasemaje? (Dereva, Likoni)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo taa iliyowaka ni gari yenyewe inazungumza na wewe unatakiwa uisikilize kabla ya kusikiliza mekanika yeyote, na uzuri wa hizi Toyota za kizamani ni kwamba huhitaji mashine ya kupimia. Fungua boneti utafute kaboksi kadogo keusi kameandikwa DIAGNOSIS juu ya mfuniko, ndani ya mfuniko pameandikwa majina ya matundu. Chukua kipande cha waya, unganisha tundu la TE1 na la E1, hayo mawili tu, hakikisha mara mbili maana ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu. Washa swichi bila kuwasha injini, eakondishen na kila kitu kikiwa kimezimwa, uangalie ile taa ya injini kwenye dashibodi. Ikiwa inawaka na kuzima haraka haraka kwa usawa bila kupumzika, haina kosa lililohifadhiwa. Ikiwa na kosa itahesabu, mfano inawaka mara mbili, inapumzika kidogo, inawaka tena mara mbili, hiyo ni namba 22. Kama makosa ni zaidi ya moja inapumzika kwa muda mrefu kidogo alafu inasoma namba inayofuata.

Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 21 ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosti, 31 ni ile inayopima hewa au vakyumu, 41 ni ya throtoli. Kwa dalili zako mimi ningeweka macho kwanza kwenye 22 na 31. Kontroli boksi inategemea ile sensa ya maji kujua injini imepata moto, ikidanganywa kwamba injini bado ni ya baridi inaendelea kumwaga petroli ya asubuhi mchana kutwa, ndo maana asubuhi gari yako iko sawa na moshi mweusi unakuja baadae. Ichomoe koneka uipime kwa mita upande wa ohm, injini ikiwa ya baridi kwenye nyuzi 20 inatakiwa isome kama elfu 2 mpaka elfu 3, injini ikiwa na moto wa nyuzi 80 ishuke mpaka kati ya 200 na 400. Kwa joto la Mombasa asubuhi utapata chini kidogo ya elfu 2 na hiyo ni sawa. Ikibaki juu wakati injini ni ya moto, umeshapata mwizi wako wa mafuta.

Ila kabla hujanunua hata hiyo sensa angalia koneka yenyewe. Wewe unavuka Likoni kila siku, hewa ya chumvi inaingia kwenye koneka na kufanya ukijani kwenye pini, na ule ukijani unaongeza ukinzani uleule ambao kontroli boksi inausoma kama baridi. Safisha kwa dawa ya kusafishia umeme na brashi ndogo, kaza, kisha futa kumbukumbu kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde kama 15 hivi, iendeshe siku moja alafu soma upya. Kuhusu kontroli boksi, kwa Toyota za umri huu ni kifaa kigumu kufa, ukiambiwa imekufa muulize amepimaje. Asipokuwa na jibu, funga boneti uende kwa mwengine.

Habari fundi, mimi ni mama wa watoto watatu nina IST ya 2003. Nimenunua betri mpya mara mbili ndani ya mwaka huu na bado nikipaki wikendi jumatatu haiwaki mpaka niombe waya kwa jirani. Dukani wananiambia betri za siku hizi ni mbovu. Ni kweli? (Tabata)

Nzuri dada, pole sana. Betri feki zipo sokoni hilo siwezi kulikataa, lakini mbili mfululizo kufa kwa mtindo mmoja, wikendi tu, inaniambia kuna kitu kinanyonya umeme gari ikiwa imelala. Nunua mita ya umeme ndogo, ni kitu ambacho kila mwenye gari ya zamani anapaswa kuwa nacho kwenye droo, na ufanye vipimo hivi.

Cha kwanza, gari ikiwa imelala usiku mzima, pima betri kabla hujawasha. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, ikishuka chini ya 12 haina kitu. Cha pili, washa injini upime tena hapohapo kwenye betri, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya 13.5 altaneta haichaji inavyotakiwa, angalia mkanda wake kwanza kabla ya altaneta, ikisoma zaidi ya 15 inachaji kupita kiasi na ndo inayokaanga betri zako. Cha tatu ndo cha muhimu kwako. Zima kila kitu, funga milango, subiri kama nusu saa gari ilale, chomoa terminali ya hasi na uweke mita katikati ya terminali na betri ikiwa upande wa ampia. Isizidi miliampia 50. Ukikuta 300, anza kuchomoa fyuzi moja moja huku mtu mwingine anaangalia mita, ile inayoshusha namba ndo yenye mwizi.

Fanya hesabu uone. Miliampia 300 kwa siku ni kama ampia-saa (Ah) 7, betri ya IST ni ndogo ya Ah 35 hivi, kuanzia ijumaa jioni mpaka jumatatu asubuhi inakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake na kila ikishushwa hivyo inazeeka upesi. Mara nyingi sana mwizi ni alamu iliyofungwa huku huku kwetu au redio ya skrini kubwa iliyounganishwa kwenye waya wa moto wa kudumu badala ya ule wa swichi. Muulize aliyefunga hiyo redio.

Na nakuomba sana, fundi akitaka kupima altaneta kwa kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inawaka, mkatalie. Zamani kwenye magari ya kabureta watu walifanya hivyo, kwenye IST umeme wa altaneta unaweza kuruka juu ghafla na kuua kontroli boksi, redio, na taa kwa mara moja, sababu betri ndo ilikuwa inatuliza ule umeme.

Fundi, mimi ni mwalimu Njombe, nina Hilux ya injini 3L. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane kila asubuhi ni mateso, napiga stata mpaka betri inaisha, jirani yangu anawasha kitambaa chenye dizeli kwenye mdomo wa eakilina ndo inawaka. Mchana inawaka yenyewe bila shida.

Mwalimu, hicho kitambaa naomba leo kiwe mwisho. Moto ukinyonywa ndani unaunguza filta, unaweza kuunguza gari yenyewe na jirani yako pamoja, na wale wanaopuliza petroli au ile dawa ya kopo ni hatari zaidi kwenye injini yenye plagi za moto maana inalipuka kabla ya wakati wake na kuvunja ringi za pistoni.

Sasa angalia ekzosti wakati mtu anapiga stata, hicho ni kipimo cha bure. Ukiona moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi unatoka huku injini haiwaki, dizeli inafika lakini haishiki moto, kwahiyo ni plagi za moto au kompreshen, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Usipoona moshi wowote, dizeli haifiki kabisa, hapo tafuta hewa kwenye njia ya mafuta.

Kwa baridi ya Njombe na kwa vile mchana inawaka, mimi naanza na plagi za moto. Toa ule upau wa chuma unaoziunganisha zote nne, sababu ukiuacha unapima zote kwa pamoja na moja nzima itakudanganya kwamba zote ni nzima. Chukua taa ndogo ya kupimia, mguu mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine gusa kichwa cha kila plagi, taa ikiwaka waya wa ndani haujakatika, isipowaka hiyo imekufa. Kwa mita ya ohm plagi nzima inasoma chini ya ohm 1 au hapo hapo. Zikiwa mbili zimekufa kati ya nne, asubuhi ya nyuzi 5 haiwaki hata kwa dua. Zikiwa zote nzima, pima kama umeme unafika kwenye ule upau ukiwasha swichi, kuna rilei yake na hiyo nayo inakufa.

Ukiwa kwenye kundi la pili la hakuna moshi, pampu ya mkono iliyoko juu ya filta ya dizeli ibonyeze asubuhi kabla ya stata. Ikiwa laini na inachukua mibonyezo mingi mpaka iwe ngumu, dizeli inarudi tenki usiku kwa sababu kuna sehemu hewa inaingia, mara nyingi ni mipira ya kurudishia mafuta juu ya nozeli au hiyo pampu ya mkono yenyewe. Weka kipande cha paipu ya kuona ndani kabla ya pampu ya dizeli, mapovu yatakuonyesha. Hapo hapo mwaga maji chini ya filta. Na waya wa hasi wa betri kwenda injini usiusahau, stata ikizunguka taratibu haitengenezi joto la kutosha la kuwasha dizeli hata plagi ziwe mpya.

Noah yangu SR40 nikiweka D inakaa kama sekunde tatu nne ndo inashika kwa kishindo. Gia boksi ndo imekufa? Na kuna mtu amesema nikibadili mafuta ya gia boksi itakufa kabisa. (Arusha)

Haijafa, bado. Pima mafuta yake kwanza na uyapime vizuri, wengi wanapima gari ikiwa ya baridi na imezimwa wanapata jibu la uongo. Endesha mpaka ipate moto, paki sehemu iliyonyooka, injini ikiwa inawaka pitisha gia zote taratibu ukirudi P, ndo uchomoe kijiti na usome kwenye alama ya moto. Toyota mara nyingi wameandika aina ya mafuta kwenye hicho hicho kijiti, weka hayo na sio yanayofanana rangi. Kipimo cha kawaida cha Toyota kutoka N kwenda D ni chini ya sekunde 1.2, kwahiyo wewe umekizidi, ila mafuta yakiwa pungufu peke yake yanaweza kuleta hiyo hali.

Kuhusu kubadili, ni kweli nusu na ni uongo nusu. Mafuta yakiwa mekundu au yamepauka tu, badilisha bila woga, ukifungua bolti ya chini yanatoka kama theluthi moja hivi, mengine yanabaki kwenye konveta, kwahiyo weka mapya, endesha wiki, rudia. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi za ndani zimeshaliwa, na hapo gia boksi ilikuwa inakufa kabla hujabadili chochote, mafuta mapya yanapewa lawama ya bure. Waya wa kikdauni unaotoka throtoli kwenda gia boksi nao uangaliwe, ukilegea au ukikazwa ovyo na mtu gia zinabadilika vibaya. Na kwa kuwa ni SR40, muulize muuzaji mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, asipojua ubadilishe. Usiamini namba ya kilomita kwenye dashibodi ya gari iliyopita mikono mingi.

Premio 1.8 inakula oili lita nzima kabla ya kumaliza mwezi, chini hakuna tone. Fundi kaniwekea oili nzito ya 20W-50 imepungua kidogo. Niendelee nayo?

Hiyo ni injini ya 1ZZ na hili ni tatizo lake la kuzaliwa, matoleo ya mwanzo pistoni zake zilikuwa na matundu madogo ya kurudishia oili, yakiziba na masizi ringi ya oili inakwama na oili inapanda juu kuungua. Toyota wenyewe walirekebisha pistoni na ringi kwenye matoleo ya baadae. Oili nzito inaficha tatizo kwa muda, na VVT-i (mfumo unaobadili muda wa vali kufunguka) pamoja na kikaza cheni vinategemea oili nyepesi kupita kwenye njia nyembamba, kwahiyo rudi kwenye 5W-30 au 10W-30 na uwe unakagua kijiti kila jumamosi bila kukosa.

Kabla hujakubali kubadili ringi, chomoa vali ya PCV, ile ya kutoa mvuke wa ndani ya injini, iliyoko juu ya injini uitikise, ikiwa kimya bila kulia imekwama, na hiyo ni spea ya bei ndogo kabisa. Alafu mwambie mtu akufuate kwa nyuma. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi unapowasha tu kisha ukaisha, ni sili za vali. Ukitoka kila unapokanyaga, ni ringi. Ukitoka unapoachia mafuta kwenye mteremko mrefu, sili za vali tena. Mwenye kipimo cha kompreshen apime, kisha amwagie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi apime upya, namba ikipanda sana basi ringi zimechoka kweli.

Kaka fundi, naendesha Hiace ya abiria Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni. Nikikanyaga breki gari inavuta kushoto. Juzi nimelala chini nikakuta paipu ya breki ya mguu wa mbele kulia imekunjwa na kubanwa. Tajiri anasema aliyefanya hivyo ni fundi mzoefu na nisiiguse. Niendelee?

Hapana, usiendelee hata safari moja. Umenifanya niiweke barua hii mbele ya barua nyingine nyingi zilizokuja kabla yake kwa sababu unashuka mteremko wa Kitonga na watu nyuma.

Kilichotokea ni hiki. Kalipa ya kulia, ile inayobana pedi za breki, ilikuwa inavuja au imekwama, badala ya kuinunulia sili au kuisafisha wakaua mguu mzima wa breki ili mafuta yasitoke. Sasa gari inasimamishwa na mguu mmoja wa mbele, na mbele ndo penye kazi kubwa ya kusimamisha gari. Ule mguu wa kushoto unafanya kazi ya miguu miwili, unapata moto mara dufu, na moto ule unaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya unyevu wa hewa kwa miaka kiwango kinaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka yanatengeneza mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inaenda chini mpaka kwenye sakafu katikati ya mteremko. Hapo hamna ujanja wa dereva utakaosaidia.

Kazi yenyewe sio kubwa kiasi hicho. Kalipa ifunguliwe, pistoni isafishwe, ikiwa na kutu ibadilishwe, sili mpya, pini zinazoteleza zipakwe grisi ya breki na sio grisi ya bearingi. Paipu iliyokunjwa itupwe, isinyooshwe, weka mpya, na ule mpira wa kwenda kwenye gurudumu uangaliwe pia sababu ukizeeka unavimba kwa ndani na kuzuia mafuta kurudi. Mafuta yote yatolewe, weka DOT 3 au 4 ya kopo lililofungwa, kamwe sio maji ya sabuni ambayo najua kuna wanaoyatumia, kisha toa hewa kuanzia gurudumu la mbali zaidi na masta silinda mpaka la karibu. Pedali ikishakuwa ngumu, ikanyage na ushikilie dakika moja injini ikiwa inawaka, ikizama taratibu bila kuvuja popote basi mipira ya ndani ya masta silinda imekwisha na nayo ibadilishwe siku hiyohiyo.

Jaribu kwanza sehemu tambarare isiyo na watu, mwendo wa 40, kanyaga kwa nguvu mikono ikiwa imeshika usukani kwa ulegevu, gari isimame imenyooka. Ukishuka Kitonga ingia gia ya pili kabla ya mteremko kuanza na sio ukiwa katikati, breki uitumie kwa kukanyaga na kuachia. Tajiri akikataa kutoa hela ya kalipa, mrudishie funguo na uwaambie madereva wenzako hapo stendi kwa nini umemrudishia.